Gari Dogo Lenye Injini Kubwa: Bima ya Dereva Mpya na Haki ya Majeruhi katika Milima ya Usambara

Katika mji wa Lushoto na vijiji vinavyouzunguka, gari dogo la kutembelea limekuwa chombo cha kwanza cha vijana wengi wanaoanza kazi: mwalimu, muuguzi, mfanyabiashara wa mboga, mtumishi wa halmashauri. Magari yanayopendwa ni yale yaliyotumika Japani, kama vile Toyota IST, Vitz na Passo. Kwa kuwa barabara za kwenda Mlalo, Mtae au Bumbuli zina miinuko mikali na sehemu zisizo na lami, wengi huyapeleka magari hayo kwa fundi mara baada ya kuyanunua. Huko hunyanyuliwa kwa springi ndefu au vipande vya kuongeza kimo, hufungwa matairi makubwa zaidi, na pengine injini huondolewa na kuwekwa yenye nguvu zaidi. Bima huja mwishoni, nayo mara nyingi hukatwa kwa maelezo ya gari lilivyokuwa kabla halijafika gereji.

Jambo hili linaihusu hospitali kwa sababu ajali inapotokea, mtu anayelala wodini akiwa amevunjika paja hutegemea fidia ya bima ya gari lililomgonga ili agharimie matibabu na kuitunza familia yake. Ikiwa maelezo yaliyomo katika bima hiyo hayalingani na gari lenyewe, safari ya kuipata fidia huwa ndefu, na pengine hukwama. Makala haya yanaeleza namna mabadiliko ya gari yanavyoathiri hatari barabarani, namna yanavyoathiri bima, na wajibu wa dereva, wa mgonjwa na wa mhudumu wa afya.

Mabadiliko ya gari na hatari ya ajali

Mji wa Lushoto upo takribani mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na Mombo, chini bondeni kando ya barabara kuu, upo chini ya mita 500. Kati ya miji hiyo kuna kilomita 33 hivi za barabara ya lami inayopita Soni, yenye kona nyingi, ukuta wa mlima upande mmoja na bonde upande wa pili. Gari lenye uzito wa kilo 1,200 pamoja na abiria wake, likishuka kimo cha karibu kilomita moja, huzalisha nishati ambayo ni lazima ipotee mahali fulani. Kama nishati hiyo yote ingepotelea katika breki, joto lake lingetosha kuchemsha zaidi ya lita 30 za maji. Ndiyo maana madereva wazoefu wa njia hiyo huteremka kwa gia ndogo, injini ikilishika gari, na kuzitumia breki kwa vipindi. Dereva mpya aliyejifunzia Tanga mjini au Dar es Salaam, mahali tambarare, huenda hajawahi kufundishwa hivyo.

Injini kubwa huongeza tatizo hili kwa njia isiyoonekana. IST yenye injini ya ujazo wa sentimita za ujazo 1,298 ina nguvu ya takribani farasi 87, na ile ya 1,496 ina takribani farasi 110, yaani kama robo zaidi. Nguvu hiyo husaidia kupanda. Hata hivyo, humwezesha pia dereva kufika kwenye kona akiwa na mwendo ambao breki na matairi ya gari dogo hayakuandaliwa kuumudu. Nishati ya gari huongezeka kwa mraba wa mwendo: gari linalokwenda kilomita 60 kwa saa lina nishati zaidi ya mara mbili ya lile linalokwenda 40, na nishati hiyo ndiyo inayoufikia mwili wa mtu wakati wa kugongwa. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa kila asilimia 1 ya ongezeko la wastani wa mwendo huongeza hatari ya ajali ya kuua kwa asilimia 4.

Kunyanyua gari nako kuna gharama yake. Gari likiinuliwa, kitovu cha uzito hupanda, na hatari ya kupinduka kwenye kona huongezeka. Matairi makubwa hupunguza uwezo wa breki kulisimamisha gari, na kipimo cha mwendo hudanganya: tairi lenye kipenyo kilichozidi kwa asilimia 5 humfanya dereva asome 60 ilhali anakwenda 63. Aidha, uso wa gari lililonyanyuliwa humgonga mtembea kwa miguu juu zaidi ya goti, kwenye paja au nyonga, na kwa mtoto kwenye kifua au kichwa.

Juu ya yote hayo kuna ugeni wa dereva mwenyewe. Tafiti za nchi nyingi zinakubaliana kuwa miezi ya mwanzo baada ya kupata leseni ndiyo yenye hatari kubwa zaidi. Ajali za barabarani ndizo chanzo kikuu cha vifo duniani kwa watoto na vijana wenye umri wa miaka 5 hadi 29.

Bima ndogo na bima kubwa

Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inakataza mtu kutumia chombo cha moto barabarani bila bima inayowalinda watu wengine dhidi ya kifo au majeraha yatokanayo na chombo hicho. Bima hiyo ya lazima ndiyo inayojulikana mitaani kama bima ndogo. Haimlipi mwenye gari kwa uharibifu wa gari lake. Kazi yake ni kumlipa mtu aliyedhurika. Bima kubwa huongeza ulinzi wa gari lenyewe dhidi ya ajali, moto na wizi, na ada yake huhesabiwa kwa asilimia ya thamani ya gari.

Tofauti hii huwafanya madereva wengi waamini kuwa ukubwa wa injini hauna maana katika bima ndogo, kwa kuwa ada ya gari dogo la binafsi haibadiliki kwa sababu ya farasi 20 zaidi. Ni kweli kwamba ada huenda isibadilike. Lakini mkataba wa bima husimama juu ya kanuni ya uaminifu wa hali ya juu: anayeomba bima anatakiwa kueleza kila jambo ambalo lingeweza kuathiri uamuzi wa kampuni wa kumkubali au kupanga masharti. Fomu ya maombi huuliza ujazo wa injini, namba ya injini na ya chasisi, matumizi ya gari, na mara nyingi huuliza iwapo gari limebadilishwa kutoka hali ya kiwandani. Injini ikibadilishwa, namba iliyo kwenye kadi ya gari hailingani tena na injini iliyofungwa. Mkaguzi wa kampuni hulibaini jambo hilo kwa dakika chache baada ya ajali.

Kwa dereva mpya, hati nyingi za bima kubwa huweka sharti la ziada: sehemu ya hasara anayobeba mwenye bima mwenyewe huwa kubwa zaidi ikiwa aliyekuwa akiendesha ni kijana au mwenye leseni ya muda mfupi. Sharti hilo huandikwa ndani ya hati, na wengi hulijua siku ya madai. Ni vyema kumuuliza wakala mapema, kabla ya kulipa, kiasi hicho ni shilingi ngapi.

Yanayotokea ukweli unapofichwa

Waganga wanaujua msemo wa wahenga kwamba mficha maradhi, kifo humuumbua. Fomu ya bima hufanana na maelezo ya mgonjwa kwa daktari: jibu lisilo kweli huharibu kila kinachofuata.

Katika bima kubwa, matokeo humwangukia mwenye gari moja kwa moja. Kampuni inaweza kukataa kulipia gari, na hata inapokubali, springi, rimu na injini ambazo hazikutajwa hazihesabiwi katika thamani.

Katika bima ndogo, hali ni ngumu zaidi kwa kuwa anayehusika ni mtu wa tatu asiye na kosa. Kifungu cha 10 cha Sura ya 169 kinailazimu kampuni ya bima kulipa hukumu iliyotolewa dhidi ya mwenye bima kwa madhara yaliyo chini ya bima ya lazima. Sheria za ukoo huu, zilizofuata mfano wa Uingereza wa miaka ya 1930, zilitungwa ili majeruhi asipoteze haki kwa ugomvi wa watu wawili asiowajua. Sheria ya Kenya, Sura ya 405, yenye chimbuko hilohilo, inabatilisha dhidi ya majeruhi masharti ya hati yanayopunguza bima kwa kigezo cha umri wa dereva, hali ya gari au nguvu ya injini. Pamoja na hayo, sheria za namna hii huiachia kampuni mlango mmoja: kuiomba mahakama itamke kwamba bima ilipatikana kwa kuficha jambo la msingi. Kampuni ikifanikiwa, majeruhi hubaki na hukumu dhidi ya kijana mwenye gari lililoharibika na mshahara mdogo. Hata isipofanikiwa, shauri hilo huchukua muda, na mgonjwa wa mfupa hana muda wa kungoja.

Kuna ufichaji mwingine unaozoeleka zaidi ya injini. Gari la binafsi, lenye namba za njano, likibeba abiria kwa nauli kati ya Soni na Lushoto, limeacha matumizi yaliyoandikwa katika bima. Abiria wake wakiumia, swali la kwanza la kampuni litakuwa iwapo walilipa nauli.

Magari yaliyobadilishwa kwa ajili ya afya

Si kila badiliko ni la kutafuta mwendo. Mtu aliyekatwa mguu, au aliyepooza miguu baada ya kuumia uti wa mgongo, anaweza kuendesha gari lililofungwa mkono wa kuendeshea breki na mafuta. Naye anapaswa kulieleza badiliko hilo kwenye fomu, kuhakikisha limefanywa na fundi anayelielewa, na kuongeza thamani ya vifaa hivyo katika bima kubwa. Daktari au mtaalamu wa mazoezi ya viungo anaweza kumsaidia kwa barua inayoeleza uwezo wake wa kuendesha.

Vivyo hivyo, mgonjwa wa kifafa, mwenye kisukari anayetumia insulini au mwenye uoni hafifu asikae kimya anapoulizwa kuhusu afya yake. Mhudumu wa afya amweleze wazi hatari ya kuendesha wakati degedege halijadhibitiwa au sukari inaposhuka, na aandike kwenye faili kwamba ushauri huo umetolewa.

Wajibu wa mhudumu wa afya

Matibabu ya dharura hutangulia kila karatasi. Mgonjwa akishatulizwa, fomu ya polisi, PF3, huwa daraja kati ya wodi na fidia. Iwe ni hospitali ya wilaya Lushoto, Bumbuli, au Bombo mkoani Tanga anakopewa rufaa, anayeijaza aandike kwa mwandiko unaosomeka: saa ya kufika, kama majeruhi alikuwa dereva, abiria au mtembea kwa miguu, kila jeraha na upande wake, na matibabu yaliyotolewa. Asiandike dhana kuhusu mwendo wa gari wala kosa la nani. Hayo ni ya polisi na mkaguzi wa magari.

Ripoti ya pili, inayotolewa mgonjwa anapopona, ina uzito sawa na ya kwanza. Mguu uliofupika kwa sentimita 3, goti lisilokunjika zaidi ya nyuzi 60, mkono usioweza tena kushika jembe: vipimo vya namna hii ndivyo vinavyoifanya kampuni au mahakama ielewe ulemavu wa kudumu. Maneno kama "ameumia sana" hayamsaidii mgonjwa.

Yafaayo kwa majeruhi na kwa dereva

Ndugu wa majeruhi watunze nakala ya PF3, risiti za dawa, picha za eksirei na gharama za usafiri wa rufaa. Waandike namba ya usajili ya gari. Kwa namba hiyo, uhai wa bima unaweza kuhakikiwa katika mfumo wa kielektroniki wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, TIRA. Madai yapelekwe mapema kwa kampuni husika, na asitie saini hati ya kumaliza madai mtu ambaye bado anatibiwa, kwa kuwa saini hiyo hufunga mlango wa kudai zaidi. Mzozo ukitokea, lipo dawati la Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, lililoanzishwa chini ya Sheria ya Bima ya mwaka 2009, kabla ya kufikiria mahakama.

Kwa dereva mpya, utaratibu ni mfupi. Kabla ya kubadilisha chochote, aiulize kampuni yake ya bima. Akibadilisha injini au rangi, aende Mamlaka ya Mapato kurekebisha kadi ya gari, kisha apeleke nakala kwa kampuni ya bima na kuomba uthibitisho wa maandishi. Akinyanyua gari, breki na usukani vikaguliwe upya na fundi mwingine. Ampe wakala majibu ya kweli kuhusu nani ataliendesha na kwa kazi gani, na asome hati yote, hasa orodha ya yasiyolipiwa. Baada ya hapo, miezi yake ya kwanza ateremke Soni mchana, kwa gia ndogo, akiwa na dereva mzoefu pembeni.