Kuharakisha Kanzidata Bila Kuigusa Programu

Mkoa wa Geita uliundwa mwaka 2012 kutokana na sehemu za mikoa ya Mwanza, Shinyanga na Kagera. Takwimu za malaria na uzazi kutoka zahanati zake, kama zile za Shinyanga, huingizwa katika programu ya DHIS2, iliyoasisiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norway. Ripoti ikikawia, mganga wa wilaya hulazimika kupanga mgawo wa dawa kwa kukisia.

Nchi inayoibadilisha programu hiyo yenyewe hulazimika kuirudia kazi hiyo kila litokapo toleo jipya. Hata hivyo, chini yake imo kanzidata ya PostgreSQL, yaani ghala la rekodi zilizopangwa, nalo laweza kurekebishwa peke yake.

Kwanza, yafaa kupima ni swali lipi linalokawia. Pili, swali hilo hutengenezewa faharasa. Kutafuta rekodi moja kati ya 1,000,000 zisizopangwa huweza kuhitaji kuzipitia zote. Zikipangwa kwa mfuatano na kugawanywa nusu kwa nusu, hatua 20 hivi hutosha. Tatu, kanzidata huongezewa nafasi katika kumbukumbu ya kompyuta, isiirudie diski mara kwa mara.

Lakini faharasa ina gharama: kila rekodi mpya iingiapo, nayo hulazimika kusasishwa. Zikizidi, karani wa zahanati ndiye atakayesubiri. Kwa hiyo badiliko lifanywe moja moja, lipimwe, kisha liandikwe daftarini, kwani toleo jipya la programu huweza kulifuta.