Maji Baridi na Samaki wa Ziwa Tanganyika: Mafunzo kwa Mvuvi Anayeanza

Wavuvi wa Ujiji na Kibirizi wanajua tangu zamani kwamba upepo wa kusi unapovuma, kati ya Mei na Septemba, ziwa hubadili tabia. Maji hupoa, mawimbi hukua, na samaki waliozoeleka mahali fulani huonekana kwingine. Anayeanza kujifunza uvuvi hudhani kuwa hayo ni bahati tu. Kumbe yana sababu zake.

Tabaka za maji

Ziwa Tanganyika lina kina cha meta 1,470, na duniani linapitwa na Ziwa Baikal peke yake. Maji ya juu huwa na joto la nyuzi 25 hadi 28 za sentigredi; ya chini kabisa huwa na nyuzi 23 na kidogo. Tofauti hiyo yaonekana ndogo. Lakini badiliko la joto kutoka nyuzi 25 hadi 26 hupunguza msongamano wa maji mara kumi hivi kuliko badiliko la kutoka nyuzi 5 hadi 6. Kwa hiyo maji ya vuguvugu hukaa juu ya maji baridi, wala hayachanganyiki kwa urahisi.

Hii ndiyo sababu hewa ya oksijeni haifiki chini. Upande wa Kigoma huishia kwenye kina cha meta 100 hivi. Chini ya hapo samaki hawaishi, ingawa ndiko iliko mbolea nyingi itokanayo na viumbe vilivyooza. Kusi husukuma maji ya vuguvugu kuelekea kaskazini, na maji baridi hupanda upande wa kusini pamoja na mbolea yake. Upepo ukitulia, mpaka wa tabaka hizo huyumba kama maji ndani ya beseni lililotikiswa, na kaskazini nako hupata fungu lake. Mimea midogo hustawi, vijidudu huila, dagaa hula vijidudu, na migebuka hula dagaa.

Mashauri kwa anayeanza

Kwanza, aufuate mwezi. Dagaa hushinda kinani mchana na kupanda usiku. Taa huwavuta wakati wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, taa hukosa nguvu, nao wavuvi hupumzika.

Pili, asidhani kuwa kina kirefu ndicho chenye samaki wengi. Aweke alama kwenye mshipi kwa kila pima, ajaribu pima tano, kisha kumi, kisha ishirini, na kuandika ni wapi mgebuka amekamata. Kupita pima hamsini na tano ni kuvua mahali pasipo na pumzi.

Tatu, asiingie ziwani peke yake wakati wa kusi, wala bila jaketi la kujiokolea. Wazee wa mwaloni wakisema upepo unakuja, awasikilize.

Nne, aheshimu sheria. Kokoro limekatazwa, kwa kuwa huzoa wachanga pamoja na wakubwa. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi ziwani tangu 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wapate kuzaana.

Hatari iliyopo

Tafiti zilizochapishwa mwaka 2003 zilionyesha kuwa maji ya juu yanazidi kupata joto. Yanapozidi kuwa mepesi, upepo hushindwa kuyachanganya na ya chini. Mbolea hupungua, na dagaa nao hupungua. Basi ubaridi ule unaomtetemesha mvuvi alfajiri ndio unaomlisha.

Jaribio la darasani

Jaza nusu ya chombo kirefu cha kioo kwa maji baridi yaliyotiwa wino. Mimina taratibu maji ya vuguvugu juu ya kipande cha ubao kinachoelea, kisha ukiondoe. Puliza kwa mrija kutoka upande mmoja, utazame mpaka wa rangi ukiinama. Acha kupuliza. Je, mpaka huo unafanya nini, na mvuvi wa Kigoma angejifunza nini kwake?