Moyo Unapokwenda Mbio Kabla ya Boti Kufika

Mvuvi wa kamba yumo mtumbwini kwenye mkondo mmoja wa Delta ya Rufiji, anakunjua wavu. Hajakimbia wala hajashtuka. Ghafla moyo unamwenda mbio, shingo inadunda, kiza kinamjia machoni. Dakika ishirini baadaye umetulia. Nyumbani mmoja atasema ni presha, mwingine atasema kapita mahali pa majini huko mikokoni.

Mfano huo si wa mtu mmoja, ila njia yake ya kutafuta jibu wakazi wa Mbwera au Kiongoroni wanaijua. Asubiri maji yajae, apande boti hadi Nyamisati, kisha atafute usafiri wa barabara hadi Kibiti mjini. Akiandikiwa rufaa ya Dar es Salaam, mbele kuna zaidi ya kilomita 100 nyingine. Anapolala kitandani kupimwa ECG, kipimo kinachochora umeme wa moyo, moyo unapiga vizuri kabisa. Anaambiwa hana kitu.

Jibu hilo ni sahihi kwa sekunde kumi tu, kwa kuwa ndio muda ambao kipimo hicho huchora kwa kawaida. Halimaanishi kwamba mgonjwa amezua.

Tatizo hili la kumkosa mwizi kwa sababu umefika ameshaondoka ni la zamani. Mwishoni mwa miaka ya 1940, Mmarekani Norman Holter alitengeneza chombo cha kurekodi moyo wa mtu akiwa katika shughuli zake. Kilibebwa mgongoni na kilikuwa na uzito wa kilo 38 hivi! Leo kipimo chenye jina lake ni kidogo, huvaliwa kifuani saa 24 au zaidi.

Basi moyo kwenda mbio hivyo huwa ni nini? Mara nyingi chanzo kiko nje ya moyo: upungufu wa damu, ambao malaria na minyoo huuleta, homa, ujauzito, tezi ya shingoni inayofanya kazi kupita kiasi, hofu kali, au vinywaji vya kuongeza nguvu. Hapo mapigo hupanda polepole na kushuka polepole. Kipimo cha wingi wa damu kinaweza kufichua mengi.

Moyo unaowaka ghafla kama taa na kuzimika ghafla unaelekeza kwingine. Baadhi ya watu huzaliwa na njia ya ziada ya umeme moyoni, na umeme ukianza kuzunguka humo, mapigo huweza kupita 150 kwa dakika, wakati mtu mzima aliyetulia huwa kati ya 60 na 100. Wengine hukojoa sana baada ya tukio, nao hawamwambii daktari kwa kudhani halihusiani. Linahusiana. Mapigo yasiyo na mpangilio nayo yana uzito wake, kwani yanaweza kugandisha damu moyoni na kuleta kiharusi.

Mtu aliyezimia, anayebanwa kifua au kukosa pumzi asingoje maji wala kukuche. Apelekwe kwa chombo chochote kilichopo. Kusomewa dua hakumzuii mtu kupelekwa zahanati.

Kwa wenye njia ya ziada, tiba ipo. Daktari hupitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa paja hadi moyoni na kuichoma njia hiyo. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyopo Muhimbili, ina maabara ya kufanyia tiba za aina hii.

Lakini daktari anahitaji pa kuanzia. Tukio likianza, mwenzake amguse mgonjwa mkononi chini ya kidole gumba, ahesabu mapigo kwa sekunde 15, azidishe kwa nne. Waandike tarehe, saa, alichokuwa akifanya, kama mapigo yalikwenda sawa au ovyo, na yalivyokoma. Zahanati ikiwa karibu, waende wakati huohuo ili muuguzi naye ahesabu na kuandika kwenye cheti. Siku ya safari, daftari hilo lifungwe kwenye mfuko wa plastiki, lisilowe maji ya chumvi kabla ya kufika Nyamisati.