Mnyama wa Shimoni kwenye Ngao ya Wakuu

Ngao ya ukoo wa Thurn und Taxis wa Ujerumani imegawanywa robo nne. Mbili zina mnara mwekundu juu ya fedha, na nyuma ya mnara zimepishana fimbo mbili za kifalme zenye vichwa vya yungiyungi. Mbili nyingine zina simba mwekundu juu ya dhahabu. Kisha, katikati kabisa, kumewekwa kingao kidogo cha buluu, na ndani yake anatembea mnyama wa fedha mwenye miguu mifupi na kucha za kuchimbia. Wajerumani humwita Dachs. Ni wa jamii moja na nyegere wa kwetu, na maisha yake ni ya shimoni.

Amefikaje mbele ya simba?

Jibu liko Cornello, kijiji cha mlimani karibu na Bergamo, kaskazini mwa Italia. Huko ndiko ulikotoka ukoo wa Tasso, na kwa Kiitaliano tasso ndiye mnyama huyo. Ngao za namna hii hulitamka jina la mwenyewe kwa picha, hata asiyejua kusoma alitambue.

Watu wa Tasso walikuwa matarishi. Mwaka 1490 walimwanzishia Mfalme Maximilian I njia ya posta kutoka Innsbruck hadi Mechelen, katika Ubelgiji ya leo. Siri ya kasi yao ilikuwa kupokezana: tarishi alipiga baragumu akikaribia kituo, na mwenzake akawa tayari na farasi aliyetandikwa. Barua iliandamana na karatasi ambayo kila kituo kiliandika humo saa ya kuipokea, hivyo mzembe alijulikana. Mkataba wa 1505 uliwabana kufikisha barua kutoka Brussels hadi Innsbruck kwa siku tano na nusu wakati wa kiangazi, na sita na nusu majira ya baridi.

Kazi ikazaa vyeo. Mwaka 1615 ukuu wa posta ya Dola Takatifu la Kirumi ulifanywa urithi wa ukoo huu, ambao kwa Kijerumani ulikuwa ukiitwa Taxis. Mwaka 1624 wakapewa cheo cha kikabaila cha Graf. Lakini miongoni mwa makabaila, mali na cheo kipya havikutosha. Mtu aliulizwa babu zake.

Hapo ndipo anapoingia Alexandrine, mjane aliyeiendesha posta hiyo kwa niaba ya mwanawe kuanzia 1628 hadi 1646, katikati ya Vita vya Miaka Thelathini. Aliwaagiza wataalamu wa nasaba wachunguze asili ya ukoo. Wakarudi na habari kwamba ukoo unatokana na Torriani, watawala wa Milano wa karne ya 13, ambao jina lao linatokana na neno mnara. Ushahidi thabiti wa undugu huo haujapatikana. Hata hivyo Kaisari aliukubali, na mwaka 1650 ukoo ukaruhusiwa kujiita Thurn und Taxis, yaani mnara na mnyama wao. Mnara ukachukua robo mbili za ngao. Simba akaletwa kwa ajili ya Valsassina, nchi ya akina Torriani.

Mchoraji hakuwa huru kupaka rangi apendavyo. Sheria ya nembo za Ulaya inakataza kuweka rangi juu ya rangi, au dhahabu na fedha moja juu ya nyingine, maana ngao ilitakiwa kutambulika kwa mbali vitani. Mnara mwekundu juu ya fedha, simba mwekundu juu ya dhahabu, mnyama wa fedha juu ya buluu: vyote vimeitii.

Mwaka 1695 wakapanda hadi Fürst, cheo cha watawala, na mwaka 1748 wakahamia Regensburg, ambako jumba lao la Mtakatifu Emmeram lipo hadi leo. Dola lilivunjika mwaka 1806, lakini posta yao iliendelea, hata ikatoa stempu zake kuanzia 1852. Mwaka 1867 Prussia iliitwaa kwa fidia ya thaler milioni 3.

Brussels nako kuna eneo la maghala ya zamani lililojengwa pale ukoo ulipokuwa na malisho ya farasi. Wenyeji huliita Tour & Taxis: mnara wa kudaiwa umetangulia, na mnyama wa Cornello anafuata nyuma.