Mama Mjamzito Anapoumwa Nyonga

Mwezi huu ukurasa wetu wa afya unazungumzia maumivu ambayo akina mama wengi wanayajua, lakini wachache wanayasema. Ni maumivu ya nyonga wakati wa ujauzito. Tunawaomba akina baba na mama wakwe wasiruke ukurasa huu wakidhani hauwahusu. Wakifika mwisho wataona kwamba sehemu kubwa ya dawa imo mikononi mwao.

Tuchukue mfano wa mama mmoja wa milimani kwetu, awe wa Kasulu au wa Kibondo. Mimba yake ina miezi saba. Alfajiri anataka kugeuka kitandani, anasikia kama kisu kinapita kwenye kinena. Anaamka hivyo hivyo, anashuka bondeni na dumu la lita 20 na kupanda nalo mlima likiwa kichwani. Anakwenda kulima maharage mpaka saa sita, kisha anarudi na mzigo wa kuni. Jioni hawezi kuinua mguu mmoja kuvuka kizingiti cha nyumba yake.

Akisema anaumwa, mmoja humjibu: "Mimba si ugonjwa. Sisi tulilima mpaka siku ya uchungu." Mwingine humwambia ni chango, naye anatafuta mizizi ya kuchemsha. Wa tatu humpa vidonge vilivyobaki nyumbani kwake. Mwisho mama ananyamaza na kuendelea kubeba. Ni kweli, mimba si ugonjwa. Lakini mjamzito anaweza kuumia, na maumivu haya yana sababu, yana jina, na yana namna ya kuyapunguza.

MAUMIVU HAYA YANATOKA WAPI?

Mifupa ya nyonga imeungana kama pete. Mbele imekutana kwenye kinena. Nyuma imeshikana na uti wa mgongo mahali pawili, kulia na kushoto, juu kidogo ya makalio. Viungo hivi vitatu hufungwa na kano ngumu. Mama akiwa mjamzito, mwili wake hutoa homoni zinazolegeza kano hizo ili mtoto apate njia ya kupita siku ya kuzaliwa. Wakati huo huo tumbo linakua, uzito unavuta mbele, na misuli ya tumbo na ya mgongo inafanya kazi zaidi ya kawaida.

Fikirini mzigo wa kuni uliofungwa kwa kamba. Kamba ikilegea, kuni husuguana na mzigo huyumba kila unapopiga hatua. Ndivyo inavyokuwa kwa nyonga ya baadhi ya akina mama. Mtoto tumboni hadhuriki kwa maumivu haya, lakini mama huteseka kweli. Hukadiriwa kwamba karibu mama mmoja kati ya watano hupata maumivu ya nyonga katika ujauzito. Huwapata zaidi waliowahi kuumwa mgongo au kuumia nyonga, waliopata maumivu hayo katika mimba iliyotangulia, na wanaofanya kazi nzito.

Dalili zake ni hizi: maumivu mbele kwenye kinena, au nyuma juu ya makalio, au ndani ya mapaja. Huzidi mama anaposimama kwa mguu mmoja, anapopanda mlima au ngazi, anapogeuka kitandani, au anapotanua miguu. Wengine husikia mlio mdogo kwenye kinena wanapotembea.

MAMA AFANYE NINI?

Kanuni ni moja: miguu yote miwili ifanye kazi pamoja, na magoti yasiachane sana. Kutokana na kanuni hiyo tunashauri yafuatayo.

1. Kulala. Alale kwa ubavu, na kitenge kilichokunjwa au mto uwekwe katikati ya magoti. Akitaka kugeuka, abane magoti na kugeuza mabega na nyonga kwa pamoja. Akiamka, ageukie ubavu kwanza, ashushe miguu yote miwili, kisha ajiinue kwa mikono.

2. Kuvaa. Aketi anapovaa sketi au viatu. Asisimame kwa mguu mmoja.

3. Kutembea. Apige hatua fupi, hasa kwenye mteremko. Wakati wa mvua njia zetu huteleza, kwa hiyo viatu visivyoshika ardhi havifai.

4. Kazi za nyumbani. Amenye mihogo na kuchambua maharage akiwa ameketi kwenye kigoda, magoti yakiwa karibu. Ufagio uwe na mpini mrefu. Kutwanga kwenye kinu, kwa kuwa kunatikisa nyonga, kuachiwe wengine. Mtoto mdogo asibebwe upande mmoja wa kiuno.

5. Kufunga nyonga. Kitenge kilichokunjwa mara kadhaa kizungushwe kwenye nyonga, chini ya tumbo, na kifungwe kwa kukaza kiasi. Kinasaidia kama kamba inayofungwa upya kwenye kuni. Kisifungwe juu ya tumbo, na kifunguliwe wakati wa kulala.

6. Mazoezi. Apige magoti na kuweka mikono chini kama mtu anayepiga deki. Apandishe mgongo taratibu, kisha aurudishe uwe sawa, mara kumi. Zoezi la pili ni kubana misuli ya chini kama mtu anayezuia mkojo, ahesabu mpaka tano, aachie, arudie mara kumi. Zoezi hili asilifanye wakati anakojoa. Zoezi lolote linaloongeza maumivu liachwe.

Ushauri wa mazoezi na wa mkanda wa kushikilia nyonga haukutoka hewani. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani liliyataja yote mawili katika maelekezo yake juu ya huduma kwa wajawazito wanaoumwa mgongo na nyonga. Maelekezo hayo hayo yalishauri mama aonane na mhudumu wa afya mara 8 katika ujauzito, akianza kabla ya wiki ya 12. Basi mama asingoje tumbo lionekane ndipo aende kliniki. Na akifika huko aseme: "Naumwa nyonga." Asiposema, si rahisi mhudumu kujua.

Neno juu ya kanisani. Kupiga magoti na kuinuka kwa goti moja ni shida kubwa kwa mama mwenye maumivu haya. Akiketi wakati wengine wamepiga magoti, hajakosa heshima kwa Mungu. Walio karibu naye wampishe kwenye benchi, wala wasimtazame vibaya.

TAHADHARI JUU YA DAWA

Dawa ya maumivu inayokubalika zaidi katika ujauzito ni paracetamol, tena kwa kipimo anachoelekeza mhudumu wa afya. Diklofenaki na ibuprofeni, ambazo wengi wetu hununua dukani kwa ajili ya mgongo, hazimfai mama mjamzito. Kuanzia wiki ya 20 zinaweza kudhuru figo za mtoto na kupunguza maji yanayomzunguka. Miezi ya mwisho zinaweza pia kudhuru mshipa muhimu ulio karibu na moyo wake. Mama asimeze kidonge asichokijua, hata kama kimemsaidia jirani.

Kuhusu mitishamba, tunawaheshimu wazee wetu, lakini baadhi ya mizizi hukaza mfuko wa uzazi kwa nguvu. Inaweza kuleta uchungu kabla ya wakati, hata kupasua mfuko wa uzazi. Kitambaa kilichochovywa kwenye maji ya uvuguvugu na kuwekwa kiunoni hutuliza maumivu bila hatari hiyo.

SI KILA MAUMIVU NI YA NYONGA

Hapa tunaomba kila familia isome polepole. Maumivu ya nyonga huja mama anapojongea na hupungua anapopumzika. Mama apelekwe kituo cha afya au hospitali mara moja, hata kama ni usiku, akiwa na mojawapo ya mambo haya:

- kutokwa damu, au maji kutoka ukeni;
- maumivu yanayokuja na kuondoka kwa mpangilio kabla ya mimba kutimia wiki 37;
- tumbo kuuma sana bila kuacha;
- homa, kwa maana yaweza kuwa malaria, au mkojo unaochoma;
- kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu, uso au mikono kuvimba;
- mtoto kupunguza kucheza;
- mguu mmoja kuvimba na kuuma;
- miguu kufa ganzi au kukosa nguvu, au kushindwa kuzuia mkojo au choo;
- kuanguka au kupigwa tumboni.

Mama akiwa na dalili hizi asiambiwe avumilie.

MZIGO NI WA NYUMBA NZIMA

Waswahili husema mzigo mzito mpe Mnyamwezi. Kwetu Buha mara nyingi mzigo mzito tumempa mama, tena mwenye mimba. Jambo hili lina historia. Enzi za ukoloni wanaume wengi wa Kasulu na Kibondo walikwenda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge huko Tanga, na wake zao walibaki na jembe, maji na kuni. Siku hizo zimepita, lakini desturi imebaki.

Akina baba, fanyeni hesabu. Dumu la lita 20 lina kilo 20 za maji. Mama akienda mara mbili kwa siku, amebeba kilo 40 kichwani juu ya nyonga iliyolegea. Baiskeli yako, ambayo hupeleka ndizi na mihogo sokoni, inaweza kubeba madumu matatu kwa safari moja. Baba anayechota maji kwa ajili ya mke wake mjamzito hapunguzi uanaume wake. Watoto wakubwa nao wabebe madumu madogo na kuni. Kama hapana budi mama abebe kitu, kiwe chepesi.

Mama wakwe, ninyi mnasikilizwa kuliko daktari. Mkisema, "Binti yangu, keti kwanza," nyumba nzima itamwacha aketi. Wengi wenu mliumwa hivyo hivyo mkanyamaza. Mkwe wenu hahitaji kupita njia ile ile ili aonekane hodari.

Jumuiya ndogo ndogo nazo zina kazi. Mvua zinapoanza, mwezi wa Oktoba au Novemba, kila mtu yuko shambani, na hapo ndipo mama huyu huumia zaidi. Akina mama wa WAWATA na majirani wanaweza kupanga zamu ya kumlimia siku moja moja. Jirani akifiwa tunalima shamba lake bila kuombwa. Tufanye vivyo hivyo kwa anayetarajia kuzaa.

SIKU YA KUJIFUNGUA NA BAADAYE

Mama anayeumwa nyonga anaweza kujifungua kwa njia ya kawaida. Maumivu haya peke yake si sababu ya upasuaji. Ila amwambie mkunga mapema kwamba miguu yake isitanuliwe kwa nguvu. Anaweza kujifungua akiwa amelala kwa ubavu, au amepiga magoti na kuegemea kitanda, mkunga akiona inafaa.

Familia ikumbuke jambo moja zaidi. Mama ambaye ni vigumu kwake kutembea leo, itakuwa vigumu zaidi uchungu ukianza. Wanaokaa mbali wapange usafiri na kutenga fedha mapema, au mama ahamie kwa ndugu anayekaa karibu na hospitali wiki za mwisho. Wa Kasulu wana hospitali ya jimbo pale Kabanga, na Kibondo kuna hospitali ya wilaya. Mama asianze safari ya milima kwa miguu usiku wa manane.

Baada ya kujifungua, wengi hupata nafuu katika wiki chache. Hiyo si ruhusa ya kurudi kwenye dumu na jembe siku ya tatu. Kano zinahitaji muda kukaza tena. Kama maumivu bado yapo miezi mitatu baada ya uzazi, mama aende hospitali aonane na mtaalamu wa mazoezi ya viungo.

Wasomaji wapenzi, jioni ya leo, kabla ya sala ya familia, mwulizeni mama mjamzito aliye nyumbani kwenu: "Unaumwa wapi?" Kisha kesho alfajiri mtu mwingine achukue dumu.