Chuma Ndani ya Paja: Upasuaji wa Mfupa Mrefu Uliovunjika

Mfupa wa paja ni mrefu na imara kuliko mifupa yote ya mwili wa binadamu. Kwa kijana mwenye afya hauvunjiki kwa kujikwaa. Huvunjwa na bodaboda iliyogongana na gari, au kuanguka kutoka juu ya mnazi, au kifusi kilichomfunika mchimbaji. Kwa hiyo daktari anayempokea mtu aliyevunjika paja halitazami paja peke yake: nguvu iliyoweza kukata mfupa huo ingeweza pia kupasua wengu, kuvunja nyonga au kuharibu goti la upande uleule. Tena paja huficha damu. Hata pasipo na jeraha la nje, lita moja hadi moja na nusu ya damu yaweza kumwagika ndani ya misuli, na mtu mzima ana lita tano hivi tu mwilini. Majeruhi anaweza kupauka, kutokwa na jasho la baridi na kupoteza fahamu ilhali shuka alilolalia halina hata tone.

Misuli inayouzunguka mfupa huu ni mikubwa, na mfupa ukikatika hujikaza yenyewe. Vipande viwili hupandana, mguu ukafupika na unyayo ukageukia nje. Kila mguu unapotikiswa, ncha zilizokatika huchoma nyama na kuongeza kuvuja damu. Hapo ndipo huduma ya kwanza inapookoa maisha: mguu huvutwa taratibu ukanyooka, kisha hufungwa usitikisike. Katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, wanajeshi wengi wa Uingereza waliovunjwa mapaja kwa risasi walikufa, mpaka lilipoenea gango la chuma alilobuni Hugh Owen Thomas, tabibu wa Liverpool aliyezaliwa katika ukoo wa waunga mifupa wa Wales. Thomas hakuishi kuiona vita hiyo. Aliyelihimiza gango lake ni Robert Jones, mwanafunzi wake. Bado linatumika hospitalini hadi leo. Ajali ikitokea mbali na hospitali, kanga tatu nne zinasaidia: nguo iliyokunjwa huwekwa katikati ya miguu, kisha mguu uliovunjika hufungwa pamoja na ule mzima, juu na chini ya mahali palipovunjika, kamwe si juu ya pale penyewe.

Mfupa hujiunga wenyewe. Hakuna chuma wala dawa inayouunga. Damu iliyoganda mahali pa mvunjiko huvamiwa na chembe hai zinazotengeneza kwanza tishu laini, kisha gegedu, na baada ya wiki kadhaa gegedu hilo hujaa madini likawa mfupa mchanga, mnene na usio na umbo zuri. Kwa miezi na hata miaka inayofuata mwili huupunguza na kuuchonga mpaka ukaribie kufanana na ule wa awali. Paja la mtu mzima huhitaji kwa kawaida miezi mitatu hadi sita kabla ya kubeba uzito wote bila wasiwasi. Kazi hiyo ina masharti mawili. Damu lazima ifike, na vipande lazima vikae mahali pake bila kuchezacheza kupita kiasi. Mwendo mdogo sana katikati ya vipande huamsha mfupa uote. Mwendo mwingi huuzuia. Upasuaji wa kisasa wa mifupa ni jitihada ya kutimiza sharti la pili bila kuliharibu la kwanza.

Kabla ya upasuaji kuenea, sharti hilo lilitimizwa kwa kuvuta. Pini ya chuma hupitishwa kwenye muundi, chini kidogo ya goti, kamba ikafungwa na kupitishwa juu ya kapi mwishoni mwa kitanda, na mzigo wa kilo kadhaa ukaning'inizwa. Misuli huchoka kushindana na mzigo, vipande vikaachana kupandana, na mgonjwa akabaki kitandani wiki sita hadi kumi na mbili. Mara nyingi mfupa huunga vizuri. Kinachoharibika ni kingine: vidonda vya kulalia, mapafu yanayojaa kwa kulala chali, damu inayoganda kwenye mishipa ya mguu, goti linalogoma kukunja, na mara nyingine mguu uliounga ukiwa mfupi au umepinda. Nyumbani nako, mwenye bodaboda hapeleki hesabu kwa tajiri wake, genge la mama limefungwa, na ndugu mmoja ameacha kazi zake ili aje kumwogesha na kumletea chakula wodini. Gharama hiyo haimo katika stakabadhi ya hospitali, nayo ndiyo inayoangusha familia. Watoto wadogo wako katika hali tofauti. Mifupa yao huunga upesi na kujinyoosha inapokua, hivyo wengi walio chini ya miaka mitano hutibiwa kwa kuvutwa siku chache au kwa plasta ngumu inayoanzia kiunoni, bila kisu.

Wazo la kuweka chuma ndani ya mfupa wenyewe lilipata nguvu kupitia kwa Gerhard Küntscher, daktari wa upasuaji wa Kiel nchini Ujerumani. Mfupa mrefu una tundu katikati linalobeba uboho, na Küntscher aliona kwamba chuma kirefu kikipigwa ndani ya tundu hilo kingevishika vipande vyote viwili kama ufito ndani ya mwanzi, kikiingizwa kutokea kwenye nyonga, mbali na mahali palipovunjika. Alimtibu mgonjwa wa kwanza kwa njia hiyo mwishoni mwa mwaka 1939, na mwezi Machi 1940 aliieleza mbele ya madaktari wenzake mjini Berlin, ambao wengi hawakuipokea. Waliogopa kwamba kuharibu uboho kungemuua mgonjwa au kuzuia mfupa usiunge. Vita ndivyo vilivyoisambaza habari: wafungwa wa vita waliorudi makwao kutoka Ujerumani walipigwa picha za eksirei, na madaktari wa nchi za Washirika wakashangaa kuona vyuma virefu ndani ya mapaja yaliyokwisha kupona.

Chuma cha Küntscher kilikuwa na upungufu mmoja. Kilishika kwa kubanana na kuta za tundu, hivyo kilifaa pale mfupa ulipokatika katikati, mahali tundu lilipo jembamba. Mfupa ukisagika vipande vingi, au ukikatika karibu na goti, chuma hicho hakikuzuia mguu kufupika wala kuzunguka. Ufumbuzi ulikuja kuenea miaka ya 1970: chuma chenye matundu juu na chini, ambamo skurubu hupita kutoka upande mmoja wa mfupa hadi wa pili na kukifungia mahali pake. Tangu hapo karibu kila mvunjiko wa katikati ya paja la mtu mzima umeweza kutibiwa hivyo. Tatizo likahamia kwingine. Ili kulipata tundu la chuma lililo ndani kabisa ya mfupa na nyama, daktari alihitaji mashine ya eksirei inayoonyesha picha papo hapo kwenye skrini, na mashine hiyo ni ghali, inahitaji umeme usiokatika na fundi wa kuitengeneza. Hospitali nyingi za Afrika hazikuwa nayo, na nyingine hazinayo mpaka leo.

Mmarekani Lewis Zirkle, daktari wa mifupa aliyewahi kutumika katika vita vya Vietnam na baadaye kufundisha katika nchi za Asia, aliona wagonjwa wakilala kwa miezi na miaka kwa kukosa chuma. Mwaka 1999 alianzisha shirika la SIGN katika mji wa Richland, jimbo la Washington, linalotengeneza chuma cha kufungwa kwa skurubu bila kuhitaji mashine ile. Vyuma hutolewa kwa hospitali bila malipo, na daktari huandika taarifa ya kila upasuaji pamoja na picha kabla ya kupewa vingine. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliyoundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1996 jijini Dar es Salaam, ni miongoni mwa vituo vinavyokitumia.

Upasuaji wenyewe unategemea sana mikono. Mgonjwa hupigwa ganzi ya mgongoni au nusukaputi. Kwa wengi daktari hukata sehemu ndogo juu ya mvunjiko ili avipange vipande kwa macho, kisha huingia kutokea nyonga au goti, kutegemea mahali palipovunjika. Tundu la uboho hupanuliwa kwa keekee ya mkono, inayozungushwa taratibu, saizi moja baada ya nyingine, mpaka meno yake yasikike yakikwaruza mfupa mgumu. Chuma cha saizi inayofaa husukumwa ndani. Nje ya mguu kuna mkono wa chuma ulioshikamana nacho, wenye matundu yanayolingana na yale ya ndani. Kupitia hapo mfupa hutobolewa. Kisha daktari huingiza kijiti cha kutafutia na kukizungusha kidogo. Kikizunguka huru, bado hakijafika. Kikinasa na kugoma, kimeingia ndani ya tundu, na skurubu hufuata njia hiyohiyo. Kidole chenye mazoezi hufanya kazi ambayo kwingine hufanywa na skrini.

Wakati wa kufanya upasuaji una uzito. Mafuta ya uboho kutoka mfupa uliovunjika huweza kuingia kwenye damu na kuziba mishipa midogo ya mapafu, na hatari hiyo huongezeka vipande vikiachwa vichezecheze. Utafiti uliofanywa Marekani kwa wagonjwa 178 na kuchapishwa mwaka 1989 ulionyesha kwamba, kwa majeruhi wenye majeraha mengi, waliofungwa paja ndani ya saa 24 walipata matatizo machache ya mapafu kuliko waliosubiri. Majeruhi ambaye shinikizo lake la damu bado linayumba hawezi kuharakishwa hivyo; kwake huanza damu na dripu.

Mfupa ukitokeza nje, au jeraha likifika hadi kwenye mvunjiko, adui mkubwa ni wadudu wa maambukizi. Hali hii huonekana zaidi kwenye muundi, ambao mbele umefunikwa na ngozi tu. Antibayotiki kupitia mshipa, ikiwezekana ndani ya saa moja, ina faida kubwa kuliko karibu kila kitu kingine kinachofuata. Sindano ya pepopunda huenda nayo. Jeraha huoshwa kwa lita kadhaa za maji ya chumvi na nyama iliyokufa hukatwa. Utafiti mkubwa wa kimataifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba maji yanayomiminika taratibu yanafaa sawa na yale ya kusukumwa na mashine, na kwamba sabuni haiongezi faida, bali ilifuatiwa na upasuaji wa kurudia mara nyingi zaidi. Hiyo ni habari njema kwa hospitali ya wilaya, ambayo haikosi ndoo na dripu. Baada ya kuosha, mara nyingi hufungwa vyuma vya nje, vile wanavyoviita wagonjwa antena: pini zilizoshikiliwa na fito za chuma juu ya ngozi. Jaribio la kulinganisha lililofanywa Dar es Salaam kwa mivunjiko ya wazi ya muundi, na kuchapishwa mwaka 2020, halikuona tofauti kubwa ya matatizo makuu baada ya mwaka mmoja kati ya antena na chuma cha ndani, ingawa wenye chuma cha ndani walibaki na mguu ulionyooka zaidi na walijisikia nafuu mapema.

Wengine hupita kwanza kwa mganga wa kuunga mifupa. Wapo waganga wenye mikono mizuri, na mvunjiko mdogo wa mkono unaweza kupona kwao. Paja ni jambo jingine, kwa kuwa hakuna ubanzi wa nje unaoweza kushinda misuli yake. Hatari kubwa zaidi ni mabanzi yaliyokazwa. Mguu uliovunjika huvimba, na ukibanwa, shinikizo ndani ya misuli hupanda hadi kuzuia damu. Misuli huanza kufa ndani ya saa sita hivi. Dalili yake ni maumivu yanayozidi badala ya kupungua, hasa vidole vikinyooshwa na mtu mwingine, kisha ganzi. Hapo mabanzi au plasta hufunguliwa mara moja, pasipo kungoja asubuhi, na mgonjwa huwahishwa hospitali, ambako huenda misuli ikahitaji kupasuliwa ili ipumue. Miguu inakatwa kwa kuchelewa hatua hii moja.

Aliyewekewa chuma ndani ya paja husimamishwa kwa magongo siku ya kwanza au ya pili. Anafundishwa kukunja goti, kukaza misuli ya mbele ya paja na kukanyaga kadiri alivyoruhusiwa, kwa kuwa kukanyaga ndiko kunakouamsha mfupa. Hurudi kliniki baada ya wiki sita, kisha miezi mitatu, sita na mwaka. Madaktari wa mtandao wa SIGN hupima maendeleo kwa njia rahisi: mgonjwa huombwa achuchumae na kutabasamu, akapigwa picha. Kuchuchumaa hadi chini huonyesha kwamba nyonga na goti vinakunja, na tabasamu huonyesha kwamba hakuna maumivu. Kwa mtu anayetumia choo cha shimo, anayeswali, anayepalilia kwa jembe la mkono, hakuna kipimo kinachogusa maisha yake kwa karibu zaidi.

Wachache hawaungi. Sigara, maambukizi, lishe duni na pengo kati ya vipande ndizo sababu za kawaida. Baadhi huokolewa kwa kutoa skurubu za upande mmoja ili mfupa ukandamizwe kila hatua. Wengine hubadilishiwa chuma kinene zaidi au hupandikizwa mfupa uliochotwa nyongani. Usaha unaovuja kwenye kovu, hata miezi mingi baadaye, hautibiwi kwa vidonge vya dukani: unahitaji kuoshwa, na pengine chuma kutolewa.

Mfupa uliounga vizuri hauhitaji chuma kutolewa, na watu wazima wengi hukaa nacho maisha yao yote. Hutolewa kikileta maumivu ya nyonga au goti, kikipata maambukizi, au mgonjwa akitaka mwenyewe baada ya kuelezwa hatari za upasuaji wa pili. Kwa kawaida husubiriwa mwaka mmoja na nusu hadi miwili, picha zikithibitisha kwamba pande zote za mfupa zimeshikana. Matundu ya skurubu huacha udhaifu kwa muda, hivyo aliyetolewa chuma huepushwa na mizigo mizito na michezo ya kugongana kwa miezi miwili mitatu, mpaka yajae.