Namba ya Siri ni Amana

Siku hizi mkulima wa Kilosa hulijua salio lake bila kupanga foleni benki, na muuza duka wa Mikumi, kando ya barabara kuu iendayo Iringa, hupokea malipo kwa simu. Je, fedha hizo zi salama?

Benki imeweka kufuli zake. Taarifa hugeuzwa mafumbo zikiwa njiani, hata anayezinasa asiambulie kitu. Namba ya siri ikikosewa mara kadhaa, huduma hufungwa. Miamala mingine hudai pia namba ya muda, itumikayo mara moja tu. Mwizi anayajua hayo, ndiyo maana havunji mlango: hupiga simu, akajiita mhudumu wa benki, akamwomba bibi amsomee namba ile. Mhudumu wa kweli haiombi kamwe.

Nasi twakiri, wengi wetu humtajia wakala namba ya siri atubonyezee, eti macho hayaoni. Heri mjukuu amfundishe bibi kuibonyeza mwenyewe, naye mjukuu ageuze uso. Na ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" upelekwe 15040, namba iliyotengwa na TCRA. Aliyekwisha kulaghaiwa aipigie benki saa ile ile, kabla fedha hazijatolewa.